Mkono Begani kwa Bi Khawla

Siku ile mjinga alikuwa Mjaka. Tuliseme mapema tulimalize, maana mwenyewe halikatai, na hata angelikataa, Darajani nzima ilikuwa shahidi.

Alikuwa kabeba kioo. Si kioo cha kujitazamia, kioo cha fremu za picha, kipana kama mlango wa kabati, kakishika kwa matambara asijikate, anapenya baina ya wauza mitumba na wauza ndizi huku akipiga kelele, "Kioo jamani! Kioo hakina macho!" Watu wakawa wanampisha huku wakimtukana kidogo kidogo. Na katikati ya njia, pale ambapo mwenye akili zake hasimami, kasimama mwanamke. Abaya nyeusi yenye nyuzi za dhahabu mikononi, mtandio rangi ya zabibu, raba nyeupe. Mkono kaunyoosha mbele, kashika karatasi ya kijivujivu, jicho moja kalifumba. Anasogea kulia. Anasogea kushoto. Anaitazama karatasi, anatazama mapaa ya nyumba.

Mtalii kapotea, Mjaka akajisemea, tena huyu wa Uturuki. Akamwagia Kizungu chake cha Forodhani, kile kilichomuuzia fremu miaka yote: akamkaribisha Zanzibar, akamuelekeza hoteli, akamuonya na wezi wa simu, akamalizia kwa kumsifia macho. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto akikosea aya.

"Ushamaliza?"

Mjaka akakishika kioo upya.

"Mie mtoto wa Malindi. Hoteli ya nini, na kwetu kupo? Kama ushamaliza kunikaribisha kwenye mji wangu, nipishe. Umenisimamia juu ya reli."

Mjaka akatazama chini. Palikuwa na lami, ganda la chungwa na ndara zake.

"Reli ipi?"

"Hii." Akamgeuzia karatasi.

Ilikuwa picha kuukuu. Gari la moshi, kichwa cheusi kimejaa mtaa mzima, linapita baina ya nyumba kama mtu mnene anayejilazimisha mlangoni. Watu wamebana ukutani. Mmoja kashika kofia yake isipeperuke, mwengine kashika mtoto.

"Hili lilikuwa linapita mjini?" Mjaka akauliza.

"Kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu. Na mie natafuta mpigapicha alisimama wapi, ila kila nikikaribia kupaona ananitokea mtu na kioo."

"Kioo cha fremu hiki."

"We fundi wa fremu?"

"Mwembetanga nzima hamna mwengine."

Arwa, maana ndilo jina lake, akamtazama kutoka juu hadi kwenye zile ndara. "Basi Mungu kanijibu," akasema. "Ingawa angeweza kuniletea aliyetulia."

Kutulia ndiko Mjaka alikokosa tangu kuzaliwa. Alishauza vipuri, akapaka rangi boti, akaenda Maskati akarudi na sanduku jepesi kuliko alivyoondoka nalo, akapendwa na kuachwa mpaka akaona kuachwa ni kama mafua, yanakuja yanaondoka. Chai haijapata kupoa mkononi mwake. Ama kaimwaga ama kaisahau mahali. Kitu pekee kilichomkalisha kitako kilikuwa fremu.

Arwa alikuwa anasomesha historia kwenye skuli moja ya mjini, na alitaka kuzitundika picha za gari la moshi la Bububu palepale Ngome Kongwe lilipokuwa likianzia safari. Alikuwa nazo nyingi. Mabehewa yaliyo wazi ubavuni, abiria wa kanzu wamekaa wima kama wamo kwa kinyozi. Mafundi weusi tii kwa makaa. Gari limebeba mawe baada ya abiria kulikimbilia basi. Na ya mwisho, njia tupu, reli zimeng'olewa, mbuzi wamesimama wanashangaa. Kila picha ikapita mikononi mwa Mjaka, na kila picha ikahitaji simu.

"Halo, Stesheni Masta."

"Naam, Kioo."

"Hii ya mabehewa nitie fremu nyeusi au ya mninga?"

"Si jana nlikwambia nyeusi?"

"Jana nlikuwa nasikiliza sauti. Maneno hayakukaa."

"Basi leo kamata maneno, sauti iache."

"Siwezi, habibti. Vyaja pamoja."

Arwa akacheka, kisha akakata simu ili asisikike anaendelea kucheka.

Wakaanza kuonana hata bila picha. Siku moja, wamesimama nje ya banda la fremu wanakunywa urojo, Mjaka akasema wazee wake wako tayari kuja kuposa, amri ni ya Arwa tu. Arwa akakoroga bakuli lake muda mrefu.

"Maonyesho yapite," akasema. "Halafu Bibi. Ndiye aliyenilea. Bibi akikubali, kwetu wote wamekubali. Bibi akikataa, Mjaka, hata mie nimekataa. Usije ukasema sikukwambia."

"Bibi yako hanijui."

"Anakujua sana. Anasema nakutaja hata nikiosha vyombo." Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichozongwa kwenye leso ya hariri. "Ndiyo maana kakuletea hii. Hajapata kuitoa nyumbani. Haendi nayo maonyeshoni, anataka itiwe kioo tu, mchwa washaanza kuinusa. Kasema, tuone kama huyo fundi wako ana mikono ya kuaminiwa. Iangalie kama roho yako."

Mjaka akaipokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa picha ya mwanamke kijana kasimama kwenye kidato cha behewa. Kanzu fupi ya hariri, suruali ya marinda, ukaya wa kujifunika umeteleza nyuma ya kichwa, na anacheka, kitu ambacho watu wa picha za zamani hawakifanyi. Mama yake Bibi huyo, Bi Khawla. Picha nzuri kuliko zote. Kasoro moja tu: upande wa kushoto ukingo ulikuwa umepinda, umekwenda kombo, na palepale ukingoni, karibu na bega la Bi Khawla, kulikuwa na doa la rangi ya kahawia.

Hapa ndipo ujinga wa Darajani ulipopata mkubwa wake. Kwa fundi wa fremu, ukingo uliopinda ni jiwe ndani ya wali. Hawezi kuutafuna, hawezi kuumeza. Mjaka alitaka kazi hii iwe posa kabla ya posa, Bibi aione aseme, huyu kijana. Akaweka rula. Akaweka wembe. Akakata ukanda mwembamba kama utepe wa kofia, na doa likaenda nao, na ncha ya bega pia. Ukingo ukanyooka. Mjaka akapiga mluzi.

Arwa alipokuja kuichukua alikuja na sambusa na uso wa sikukuu. Mjaka akamuondolea kitambaa kama anafunua bibi harusi. Arwa akatabasamu. Kisha tabasamu likabaki peke yake, macho yameshaondoka.

"Mkono uko wapi?"

"Mkono gani?"

"Mkono, Mjaka. Hapa begani. Palikuwa na mkono."

"Lile doa?"

"Doa?" Sauti ya Arwa ilishuka badala ya kupanda, na hilo ndilo lililomtisha. "Vidole vinne vya mtu, wewe umeona doa?"

Mjaka alishapiga magoti zamani, anapekua maranda ya mbao kwa vidole. Chini ya meza palikuwa safi. Pasafi mno. Akatoka mbio mlango wa pili, kwa Wakil muuza mishikaki, ambaye kila asubuhi huja kumfagilia maranda na vipande vya kadi avitie jikoni. Wakil alikuwa anapepea moto, uso unang'aa.

"Leo taka zako zimeshika moto haraka fundi!" akasema. "Uniwekee na kesho!"

Mjaka aliporudi, fremu haipo, Arwa hayupo, na sambusa zimebaki mezani zinatoa mvuke.

Akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena, akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwengine mbaya zaidi, akautuma huo. Akafunga banda, akafungua, akamgombeza Wakil bila sababu, akamuomba radhi, akala mishikaki yake bila kujua anakula nini. Mpaka siku ya pili simu ikalia yenyewe.

"Arwa! Roho yangu, nisikilize..."

"Sikupigii kwa mapenzi. Nakupigia ujue ulichokata."

"Sema. Nyamaza kidogo nikae. Haya, sema."

"We ndo unyamaze! Huo mkono wa Bwana Himid, mume wa Bi Khawla. Walipiga picha pamoja, siku wametoka kuoana, kamshika bega. Baadaye Bwana Himid akaoa mke wa pili Bububu. Kila Alhamisi anajitia manukato, anapanda gari la moshi, huyoo. Bi Khawla anaisikia honi yake akiwa jikoni. Siku moja akachukua mkasi akamkata kwenye picha. Kamkata mzima, ila ule mkono hakuuweza, maana angeukata angekata na bega lake."

Mjaka alikuwa kakaa kitako bila fremu mkononi. Kitu hicho peke yake kilikuwa habari ya mjini.

"Wakaja wakapatana," Arwa akaendelea. "Akazaliwa Bibi. Bwana Himid akafa Bibi hajasimama dede. Picha nyingine hakuna. Bibi yangu haijui sura ya baba yake, Mjaka. Anajua vidole. Alikuwa akiifunua ile leso anaviangalia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie kwetu kuna mwanamke alimkata mumewe vipande kwa wivu? Ya ndani hayo! Huambiwa mume, haambiwi fundi."

"Bibi kasemaje?"

"Hajasema. Kaitazama, kaifunga, kaenda kulala mchana. Bibi halali mchana."

"Na wazee wangu?"

"Wazee wako wabaki kwao," Arwa akasema, akakata simu, na safari hii si kwa kuficha kicheko.

Maonyesho yakafunguliwa. Mjaka alikwenda Ngome Kongwe watu walipokwisha kupungua, akazunguka ukumbini kama mwizi aliyesahau anachotaka kuiba. Arwa alimuona, akageuza mtandio upande wa pili. Mjaka akasimama mbele ya picha ya gari likiingia Bububu: moshi, watu wanashuka, mmoja anakimbia kabla halijasimama sawasawa. Akamtazama huyo anayekimbia. Mtu anayepanda kila Alhamisi, akafikiri, lazima ashukie mahali. Na alikoshukia kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna ukuta, na watu hutundika vitu ukutani.

Hakungoja kumaliza fikra. Vespa yake ilikuwa nje.

Bububu wakamzungusha. Alimuuliza fundi cherahani, akapelekwa kwa sheha wa mtaa. Kwa sheha akaambiwa kaenda mazikoni. Wauza muhogo wakabishana baina yao kuhusu Himid yupi, wa mikarafuu au wa punda. Hatimaye mama mmoja akamnyooshea nyumba ya zamani yenye baraza, kando ya barabara. Mlangoni kakaa kizee cha kike, kanga mbili, miwani imefungwa uzi, anachambua mchele kwa kasi ya mashine. Bi Ummkulthum.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kununua kiwanja, hakiuzwi."

"Nimekuja kumuulizia Bwana Himid aliyekuwa akija na gari la moshi."

Vidole vikasimama juu ya ungo. "Umechelewa kidogo," akasema. "Kafa mie nanyonya. Unamdai?"

"Namtafuta sura."

Kizee kikamtazama, kikaona mtu anahema kama kakimbia yeye na si vespa, kikasema, "Vua viatu."

Ilikuwa juu ya kitanda cha samadari, kwenye fremu iliyochakaa ambayo Mjaka angeweza kuililia kwa sababu nyingine. Mwanamume kasimama ubavuni mwa behewa. Joho, kilemba, pua ndefu, jicho la utundu. Anamtazama mtu asiyekuwepo, na anacheka naye. Na mkono wake mmoja umenyooka, umenyooka, ukafika ukingoni ukaishia kifundoni, kombo.

Mjaka akaanza kucheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"We mtoto una wazimu?"

"Bibi, huo mkono nimeukata mimi."

"Mwongo mkubwa. Huo umekatwa babu yako hajabaleghe. Alishuka kwenye gari na kipande hiki kakikunja ndani ya kofia yake, akamwambia mama, kule nshakatwa, niweke wewe. Mama akamuweka."

Basi Mjaka akakaa chini sakafuni akamueleza yote. Bi Ummkulthum akasikiliza huku akichambua. Alijua ana ndugu Malindi. Alikuwa akimngojea aje tangu wote wawili wasichana.

"Mie mkubwa kwake. Mdogo ndiye huja."

"Niazime picha, Bibi. Nitaishika kwa..."

"Wewe?" Kizee kikacheka mpaka miwani ikashuka. "Wewe nikupe picha? Haitoki ukutani. Anayetaka kumuona baba yake, aje."

Mjaka akaipiga picha kwa simu, akamtumia Arwa bila neno hata moja, na hilo kwake lilikuwa saumu. Alama za kusomwa zikatokea. Akaanza kutembea barazani, anakwenda anarudi. Bi Ummkulthum akamwambia ataichimba saruji.

Simu ikalia.

"Nani huyu?" Arwa akauliza. Alikuwa ananong'ona.

"Mwenye vidole."

"Uko wapi?"

"Mwisho wa reli."

"Mjaka, nakuuliza kwa Mungu, usije ukawa umemtengeneza kwa kompyuta."

"Muulize mwanawe, nimekaa naye hapa ananinyima chai."

"Sijamnyima, hajatulia akaipokea!" Bi Ummkulthum akapiga kelele kutoka mlangoni.

Bi Sheikha, bibi yake Arwa, alipoonyeshwa simu alisema macho yake hayaoni vitu vya ndani ya vioo. Alipoambiwa picha haitoki, akasema hawezi kwenda kwa mtoto wa mke mdogo. Mtoto wa mke mdogo ndiye wa kuja. Akasema hivyo mchana, akasema hivyo baada ya alasiri. Asubuhi yake Arwa alipoamka alimkuta Bibi kakaa barazani, kashavaa buibui lake la kutokea, udi unanukia, mkoba mapajani.

"Gari iko wapi?" Bibi akauliza. "Nimengoja tangu alfajiri. Nyinyi watoto wa siku hizi mnalala kama magogo."

Kule Bububu walikaa vizee viwili uso kwa uso, na mwanzo ulikuwa mgumu, maana kila mmoja alijiona ndiye wa kuamkiwa. Bi Ummkulthum anangoja shikamoo. Bi Sheikha anangoja shikamoo. Nzi akapita baina yao akarudi. Arwa akaona hapa wataswali magharibi bila kusalimiana, akasema kwa sauti, "Asalaam alaykum," na wote wawili ikawalazimu kuitikia pamoja.

Bi Sheikha akaongozwa chumbani. Mjaka alibaki mlangoni, mikono kaifungia nyuma kwa hiari yake. Bi Sheikha akasogea, akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Kumbe pua hii si ya mama," akasema. "Miaka yote namlaumu mama."

Bi Ummkulthum akamshika kiwiko. Alikuwa na pua hiyohiyo. Wakasimama hivyo, hawakulia, au kama walilia walilia kwa kubishana, maana mara wakaanza kubishana nani kachukua macho.

Baadaye Bi Sheikha akageuka. "Yuko wapi huyo wa wembe?"

"Naam, Bibi."

"Kwenu wapi?"

"Mwembetanga."

"Nakuuliza asili."

"Babu alitoka Unyamwezi, Bibi. Sisi wa Mwembetanga."

"Umemkata baba yangu mkono, umeniletea uso. Sijui nikupige, sijui nikupe mke."

Mjaka akafungua mdomo. Arwa, nyuma ya Bibi, akatikisa kichwa kwa nguvu: nyamaza. Na Mjaka, kwa taabu kama anayenyanyua kioo peke yake, akanyamaza.

"Ijumaa," Bi Sheikha akasema. "Waje wazee wako. Waje hapahapa, na huyu akae pamoja nami, si kwamba hana haki." Bi Ummkulthum akasema bila shaka ana haki, tena ya mkubwa, na ubishi ukaanza upya.

Vijana wakatoka uani, kwenye kisima, ndoo na kamba za kufulia. Arwa alikuwa kavaa gauni la kijani na mtandio mweupe, na upepo ulikuwa unautaka. Mjaka akaanza kuzunguka kisima.

"Ijumaa! Mbona mbali? Alhamisi kuna nini?"

"Alhamisi kwetu siku mbaya. Tulia."

"Nimetulia. Basi yamekwisha, eh? Umenisamehe."

"Sijakusamehe."

Mjaka akasimama. "Arwa! Umekubali wazee waje."

"Nimekubali waje. Hilo jengine."

"Bibi mwenye baba yake kanisamehe! Yule wa pili kanipa chai, tena ya maziwa! Wewe ndo unabaki na kinyongo? Mkono hata haukuwa wako!"

"Wao hawaendi kuishi na wewe," Arwa akasema, akiurudisha mtandio wake mahali pake. "Naenda mie. Nikikusamehe leo, huko ndani ntakushika kwa lipi?"